Posa ya Bima ya Uzee

Jumatatu, 1 Machi 1999
Nimegombana na Rahimu tena. Mwanangu wa kumzaa! Kaniambia mbele ya mkewe, Salwa, kwamba goti likinizidi nihamie kwao Ipagala, nipewe chumba cha uani. Uani, pamoja na kuku. Nimeapa sitaogeshwa na mkwe. Heri nife mchafu.

Jumatano, 3 Machi
Mungu hamtupi mja wake. Soko huria limeleta kila kitu, sasa hata uzee unakatiwa bima. Dukani kwangu kaingia kijana Uwesu, mtu wa Kolo, tai shingoni, wakala wa kampuni mpya. Shikamoo yake imenyooka. Anasema nilipe sasa kwa mkupuo. Siku nikishindwa kujiogesha na kujilisha, kampuni itaniletea muuguzi nyumbani mpaka nizikwe. Nitauza kiwanja ambacho Rahimu anakikodolea macho. Atanitambua.

Mke wangu, Stara, kauliza kama kampuni ina ubavu wa kulipa miaka ishirini ijayo. Eti nitazame kibali, hesabu zilizokaguliwa, na kampuni kubwa iliyo nyuma yake mzigo ukizidi. Nimechukia. Nimefanya biashara Dodoma tangu hajavunja ungo, leo anifundishe kuchunguza mtu?

Ijumaa, 5 Machi
Uchunguzi umeanza. Nimemtuma Kolo Bi Mwanasha, mshenga aliyeozesha nusu ya mtaa huu. Mtu hapokei posa bila kuulizia ukoo, sembuse bima.

Jumanne, 9 Machi
Bi Mwanasha karudi. Ukoo safi! Hakuna mwizi, hakuna kifafa, babu alikuwa imamu. Kuna baba mdogo mlevi, nimemsamehe. Kiwanja nimeuza, fedha Uwesu kazipokea kwa mikono miwili na kuzipeleka kampuni. Stara kaenda posta kupiga simu Dar es Salaam, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia bima. Ukaidi mtupu.

Ijumaa, 12 Machi
Stara kapata majibu. Kampuni ina kibali cha bima ya magari tu, na hesabu zake haijawahi kuzipeleka kukaguliwa. Nimemuuliza goti langu na springi ya lori vina tofauti gani. Kaingia zake jikoni. Nimesusa chakula, na hakuna aliyenibembeleza.

Alhamisi, 18 Machi
Ofisi ya kampuni ina kufuli. Wakubwa wametoroka, mfuko mtupu. Nilikwenda na bakora yangu nimtandike Uwesu, nikamkuta kizingitini analia. Hata mshahara hawajamlipa. Wazee wake wamefunga safari kutoka Kolo kuniomba radhi, na mbuzi juu. Waungwana kweli! Nina hasira za kupasua ukuta na sina wa kumpiga.

Jumatatu, 22 Machi
Rahimu kaja. Hakunicheka, na hilo limeniuma kuliko kiwanja. Kasema wamehamia wao uani, chumba cha mbele kinanisubiri, na Salwa mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. Stara kafuta machozi. Mimi nilitazama dirishani nisije nikalainika.

Jumatano, 24 Machi
Nimemkatalia Rahimu. Kuna kampuni nyingine imefungua mjini, wakala wake dada mmoja mpole, Emilia. Nitauza duka. Stara kataja tena kibali na hesabu, nikamfokea hadi majirani wakachungulia. Kosa letu nimeshaligundua, halihitaji simu ya Dar es Salaam. Kule Kolo tuliulizia upande wa baba tu. Bi Mwanasha anaondoka kesho kwenda kwao Emilia, na safari hii ataanzia kwa mama.