Usukani wa Kwenda Kazini

Jumatatu, 4 Machi

Nimechelewa tena. Nimefika kiwandani nikamkuta Meneja ameketi mapokezi, kwenye kiti changu, anapokea wateja wangu. Hakupaza sauti. Heri angepaza! Alisema kiwanda cha kuchapa kinahitaji mtu wa mapokezi anayefika kabla ya wateja. Wiki hii ananisamehe. Kuanzia Jumatatu ijayo, nikichelewa hata mara moja, nakwenda stoo ya karatasi, na kiti changu anakalia Kengele.

Kengele ndiye anayesambaza kadi na mabango kwa wateja. Ana jina lake, lakini nimelisahau kwa makusudi. Anakuja kwa baiskeli, na kengele yake hulia kona mbili kabla hajaonekana. Hajawahi kuchelewa. Mtu wa namna hiyo simwamini.

Mapokezi nina dirisha, feni na simu ya mezani. Wateja huniita mkuu. Stoo haina dirisha na hakuna wa kumwita mtu mkuu. Sikubali!

Nimepata mpango. Shemeji alipooa alituachia baiskeli yake ya milimani. Iko nyuma ya kabati la vyombo. Mke wangu amesema niijaze upepo, nipake mnyororo mafuta, niende. Maskini, haoni mbali. Usukani wa baiskeli hiyo ni mpana na umenyooka, wa kuteremkia milima. Mtu wa mapokezi hafiki kazini ameinama kama anatafuta sindano. Lazima ubadilishwe.

Jumanne, 5 Machi

Kwa fundi baiskeli. Nilidhani usukani ni usukani. Kumbe! Ana ukuta mzima umetundikwa sukani. Kuna wa pembe, uliojikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Kuna wa kurudi nyuma, ambao ncha zake zinakufuata tumboni. Kuna wa kipepeo, ambao nimeugeuza mara kadhaa bila kujua unashikwa wapi.

Nikauliza upi ni bora. Akasema inategemea. Inategemea nini? Mwendeshaji. Nikamwambia mwendeshaji ndiye mimi. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akasema basi hapo inategemea zaidi.

Nikauliza kama wa pembe unaweza kufungwa kwenye baiskeli ya milimani. Akasema inawezekana. Wa kipepeo je? Inawezekana. Zote mbili kwa pamoja? Akafikiri, akajikuna kidevu, akasema inawezekana. Ni mtu mwenye moyo mzuri sana, lakini nimeondoka kwake nikijua kidogo kuliko nilivyoingia.

Kazini nimechelewa. Si kitu. Wiki ya msamaha.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimefanya utafiti. Nimekaa kwenye stuli ya jikoni, nimeshika mpini wa ufagio mbele yangu kama usukani. Kwanza juu. Kisha chini. Kisha karibu na tumbo. Nikafumba macho ili niisikie barabara, nikaanza kupiga pedali hewani, na kwenye kona nikawa nalala upande.

Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa mlangoni na kikapu chake. Hatukuambiwa kwamba anakuja! Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado niko konani. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akapita akiuambaa ukuta mpaka chumbani kwa binti yake. Nikasikia akiuliza kama siku hizi napata usingizi.

Matokeo ya utafiti: mpini ukiwa juu mikono inakufa ganzi. Ukiwa chini shingo inauma. Ukiwa karibu ni raha tupu, ila tumbo nalo linadai nafasi yake. Yaani sasa sijui lolote kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Baiskeli ya Kengele ina usukani wa kurudi nyuma. Nimemuuliza kijanja, kama mtu anayepitisha wakati tu, kama anaupenda. Akasema sana, na mgongo haumsumbui tena. Akanipa hata chai kutoka kwenye chupa yake. Hapo nikashtuka. Adui gani anakuelekeza njia nzuri? Anataka kunipoteza! Kwa hiyo: wa pembe.

Jioni fundi akaufunga. Ulivutia mno, mpaka wapita njia walisimama. Lakini mikono ya breki ilikataa kupita kwenye mikunjo. Tukasukuma, tukapaka sabuni, ikakataa. Fundi akasema ingewezekana kama si hiyo mikunjo. Nikamuuliza usukani wa pembe usio na mikunjo ungekuwaje. Akasema ungekuwa kama ule niliokuja nao.

Nikamwambia aufungue.

Nimerudi nyumbani na usukani wa kurudi nyuma mkononi. Maana yake Kengele alikuwa anasema kweli, na jambo hilo limenitia wasiwasi kuliko kama angenidanganya.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeufunga mwenyewe. Mke wangu alishauri nimwachie fundi. Nikamjibu kwamba mtu anayetuliza wateja wa kadi za harusi hawezi kushindwa na nati mbili. Nimeuinua juu kabisa, mpaka mwisho wa chuma, ili nifike kazini kifua mbele na tai imetulia. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Hakimu mtupu!

Waya za breki zimekaza kidogo, kwa sababu usukani sasa uko juu na waya ni zilezile. Nikasema zitazoea.

Nikatoka kujaribu. Nimekata kulia: safi. Nimekata kushoto: breki imejishika yenyewe, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea kidogo. Nikarudia. Kulia, safi. Kushoto, breki. Nikarudia tena, taratibu, kwa kuibembeleza. Kushoto, breki.

Kazini ni kushoto.

Jumamosi, 9 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nilikuwa nasogeza kisahani mezani kama baiskeli, nikakikata kulia, kisha kulia, kisha kulia tena. Kikaelekea kushoto! Nikarudia kwa kikombe. Kushoto! Nilipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia. Hakuna haja kabisa ya kukata kushoto. Sijui kwa nini watu wote hawafanyi hivi.

Mke wangu akaniuliza kwa nini nisirudishe tu usukani wa zamani. Nikamwambia nimekwishafika mbali mno. Akasema sijafika popote, baiskeli iko sebuleni. Mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa na chai. Tangu aje sijamwona akicheka hivyo. Nami nikacheka, kwa heshima, ingawa sikuelewa cha kuchekesha kilikuwa wapi.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Shati limepigwa pasi. Mke wangu ameuleta usukani wa zamani mezani pamoja na spana, akaviweka kando ya kikombe changu. Nikanywa chai, nikavisogeza upande.

Naogopa kesho. Nimewahi kuingia stoo mara moja kuchukua karatasi za bluu. Niliporudi kiwandani hakuna aliyekuwa amegundua kwamba sikuwepo. Jambo hilo sijamwambia mtu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeondoka mapema, kifua mbele. Kulia. Kulia. Kulia. Barabara kubwa mbele yangu, jua linachomoza nyuma ya majengo, nikajiona nimeokoka. Nikaimba!

Kisha nikahitaji kushoto tena. Kulia, kulia, na ile kulia ya tatu wamechimba mtaro wa bomba. Mafundi wa maji wakanielekeza kwa huruma: nipite kushoto. Nikawaambia siwezi. Wakaniuliza naumwa nini. Nikakata kulia nyingine, na nyingine, nikatokea mbele ya nyumba yetu. Mama mkwe alikuwa anafagia uani. Akanipungia mkono. Nikajaribu upya kupitia mtaa wa juu, nikatokea tena mbele ya nyumba yetu. Akanipungia, lakini polepole. Mara ya tatu hakupunga. Aliweka ufagio chini akaenda kumwita binti yake.

Mke wangu akapiga kelele nishuke niisukume tu. Sikuweza kusimama. Nilikuwa nimeshapata mwendo.

Mzunguko wa nne nimepitia mbali, nimefika kiwandani nimechelewa, nikamkuta Kengele kwenye kiti changu, feni inampepea. Meneja akauliza nilikuwa wapi. Nikamweleza habari za kulia, zote, kuanzia kisahani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akanipa ufunguo wa stoo. Kengele alisimama kunipisha nichukue kikombe changu. Hata hakutabasamu. Nimeumia, sisemi uongo.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya kwanza stoo. Sikuona haja ya kusema mapema: stoo haiko kiwandani, iko nyuma ya nyumba yetu, tumepakana ukuta. Nikipiga chafya kitandani, mlinzi wa stoo ananitakia afya. Mke wangu amefurahi: sasa nanywa chai, nainuka, nimefika. Amesema hata nikitaka kuchelewa siwezi. Mama mkwe ameshukuru, akaanza kufunga kikapu chake arudi kwake kwa amani.

Lakini nimetafakari. Kutoka mlangoni kwetu hadi stoo hakuna kona hata moja. Sasa usukani mzuri namna hii utaonekanaje? Kwa hiyo kuanzia kesho nitapitia darajani, nizunguke soko, nitokee upande wa pili, kulia tupu njia nzima. Nimepiga hesabu: nikiondoka alfajiri, saa nne niko kazini.

Msimamizi wa stoo amenieleza kwamba kazi inaanza saa mbili kamili na yeye havumilii wachelewaji. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina baiskeli.