Njia ya Mkato Juu ya Magadi

Ijumaa, 6 Juni
Nimepata akili! Mama mkwe anataka kutoa gari la marehemu baba mkwe, lile la kupita porini. Ama anipe mimi, ama ampe kaka wa mke wangu, fundi majokofu anayejiita Injinia. Nimependekeza tukapige kambi ziwa la magadi kwa gari hilohilo, mimi nikiwa dereva. Mama ajionee. Amekubali, mke wangu pia. Injinia naye anakuja, eti "kukusaidia, shemeji." Kunisaidia! Kapakia koleo na mbao mbili. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Jumamosi, 7 Juni
Mawe matupu tangu asubuhi. Nimeendesha kama mfalme. Mama mkwe kaomba mara kadhaa nipunguze mwendo. Nimeichukulia kama sifa.

Mchana ziwa likatokea. Ukingoni limekauka, jeupe, tambarare kama sakafu. Ng'ambo, flamingo kibao. Injinia akashauri tuzunguke kwa juu. Nikamwambia majokofu ni majokofu na magari ni magari. Nikakata katikati.

Ganda lilituvumilia kidogo, kisha likapasuka. Tope jeusi hadi milangoni. Harufu ya mayai viza! Mama mkwe akavua viatu, akashuka, akaanza kurudi nchi kavu kwa miguu. Kugeuziwa mgongo kuliniuma. Nikakanyaga mafuta ili aone bado nina uwezo. Tope lote likamfuata mgongoni.

Flamingo wakaruka, wakahama. Hata wao!

Injinia kachimba na kupanga mbao zake hadi jua kuzama, gari likatoka. Mimi nimesimamia.

Jumapili, 8 Juni
Nimeamka mapema kurudisha heshima. Maji safi yote yaliishia mgongoni kwa mama mkwe, basi nikapika chai kwa maji ya ziwa. Sukari nyingi. Ilitoa povu kama la sabuni ya kufulia. Mama mkwe kaonja, katema, kaniuliza taratibu: "Mwanangu, nimekukosea nini?" Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini.

Nikanywa kikombe changu chote, kwa msimamo. Msimamo haukufika mbali. Njia nzima tumesimama kila kichaka. Injinia kaendesha. Mama mkwe kanifunika kwa mtandio wake, kanipepea, kaniita mtoto. Sijui kama ilikuwa huruma au hukumu.

Jumatatu, 9 Juni
Gari kapewa mke wangu! Mama mkwe amesema tumemchosha wote wawili. Injinia kapiga makofi, mnafiki. Mke wangu katia ufunguo mkobani, kaniambia kwa upole kwamba kuliosha ninaruhusiwa.

Nimekaa, nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa lilikuwa moja tu: nilikwenda polepole.

Nimemwambia mke wangu tumpeleke mama yake matembezi ya kuomba radhi. Kuna mlima mmoja, watu wanasema gari haliwezi kuupanda. Watu wana maneno!