Idara ya Kukomesha Matone Yafika Jikoni Kwangu

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba matone yote yamepigwa marufuku. Idara ya Kukomesha Matone imegundua kuwa maji ya mji hayapotei kwenye yale mabomba makuu yaliyopasuka, la hasha. Yanapotelea majumbani kwetu. Kwa hiyo kila kinachodondosha kizibwe, na mwenye nyumba mkaidi akatiwe maji. Nilipiga makofi. Mimi ni mtu wa shukrani.

Mkaguzi alipopiga hodi asubuhi, nilikuwa nachuja kahawa. Binti yangu aliniletea chujio la kisasa, mfano wa faneli ya udongo, unalikalisha juu ya kikombe na karatasi ndani. Unalowesha unga kwanza, unauacha uvimbe upumue, ndipo unamimina maji ya moto polepole kwa kuzungusha, kama unabembeleza mtoto mkorofi. Ukiwa na haraka, utakunywa maji machungu.

Mkaguzi akainama, akatega sikio. To. To. To.

"Bibi, hapa pana uvujaji."

"Hiyo kahawa, mwanangu."

"Inadondoka, haidondoki?"

"Inadondoka."

"Basi tumeelewana." Akatoa ule utepe mweupe wa mafundi bomba. "Naziba tundu."

"Sasa mimi nitakunywa nini?"

"Kitakachobaki juu."

"Juu ni machicha, baba!"

"Machicha hayako chini ya idara yetu."

Kijana ana msimamo, nampa heko. Alimeza mate kwa ile harufu, lakini mkono wake haukutetereka. Nikamsihi aniitie mkubwa wake, maana kukosa kahawa asubuhi ni msiba, na kukatiwa maji juu yake ni matanga.

Mkurugenzi akaja mwenyewe, tumbo mbele, tai nyuma yake.

"Mama, unahujumu uchumi," akasema. "Ngoja nikague uharibifu huu kwa kina."

Akainamia chujio, uso wote kwenye mvuke. Mvuke ukafanya kazi yake. Puani pake pakaning'inia kitu, kikatafakari kidogo, kikaanguka sakafuni. To.

Mkaguzi akakodoa macho. "Mheshimiwa, samahani. Unavuja."

"Mafua haya, mjinga wewe!"

"Sakafu imelowa, mheshimiwa." Akavuta utepe.

Mkurugenzi akarudi nyuma mpaka kabatini. "Subiri! Natangaza marekebisho! Kuanzia sasa, matone ya moto yanaruhusiwa!"

Nikabandua utepe chini ya chujio. Kahawa yangu ikawa halali kisheria.

Mkaguzi naye akagusa ncha ya pua ya mkubwa wake kwa kidole, akafikiri kwa uaminifu.

"Hili ni la baridi, mheshimiwa."

Akaziziba tundu zote mbili za pua, kazi safi ya fundi. Mimi si mtu wa kinyongo, nikammiminia mkurugenzi kikombe cha kwanza. Alikunywa akihemea mdomoni, akanirudishia kikombe kwa dharau.

"Kahawa gani hii," akasema, "haina hata harufu!"