Mguu Wangu na Karafuu za Mzee Othman

Jumatatu, 6 Oktoba
Kengeja. Nimetiwa kwenye mtihani! Mzee Othman, baba yake Ruweida, kasema karafuu zake zikikauka salama, Ijumaa nitapata jibu la posa yangu. Zikirowa zikageuka mpeta, mbovu zisizo na bei, nisahau. Nani ataka mkwe anayeozesha karafuu? Nalinda pamoja na Hashil, kaka yake Ruweida. Majamvi yametanda uwanja mzima. Mvua ikija, kuanua mbio.

Jumanne, 7 Oktoba
Hashil mvivu! Wingu lilipita, nikaanua peke yangu, kisha nikaanika upya. Mgongo wangu! Lakini nimepata somo kwenye simu: nadharia ya michezo. Wachezaji wawili, kila mmoja anachagua lake. Nimechora vyumba vinne mchangani. Tukianua sote, kazi nusu kwa nusu. Nikianua mimi akalala yeye, mjinga mimi. Akianua yeye nikalala mimi, raha! Tukilala sote, mpeta. Mwalimu wa kwenye simu anasema anayetangulia kuonyesha kwamba hawezi kubadili nia ndiye mshindi, mwenzake hana budi kusalimu amri. Kesho naumia mguu.

Jumatano, 8 Oktoba
Bandeji hadi gotini. Nimemwambia Hashil siwezi hata kusimama. Amesema pole. Pole tu! Ruweida kaniletea mkate wa kumimina na mafuta ya kuchulia. Nimeona haya sana. Mkate nimeula. Baba yake ameniombea dua msikitini baada ya Laasiri, mbele ya watu! Sasa hata chooni naenda nachechemea. Adhuhuri nilichechemea mguu gani? Nadhani wa kulia. Na lile wingu jeusi upande wa Mkoani silipendi kabisa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Yallah! Mchana matone yakaanza. Nikamtazama Hashil pale barazani. Naye akanitazama. Nikaigusa bandeji yangu. Akajifunika shuka hadi kichwani! Hapo ndipo nilipokumbuka nilichosahau kuandika kwenye vile vyumba: karafuu zikioza, yeye atagombezwa, na jioni atakula kwao kama kawaida. Mimi nitakosa mke. Nikakimbia kwa miguu yote miwili, bandeji inabururika nyuma. Nimeokoa nusu. Nafika mlango wa ghala, aliyenifungulia ni Mzee Othman. Kaniuliza mguu umepona lini. Nikamjibu sasa hivi, kwa baraka za dua yake.

Ijumaa, 10 Oktoba
Jibu ni kwamba hakuna jibu. Mzee kasema, "Mwanangu, mie sikukatai. Lakini kesho zaja karafuu nyengine, nataka nikuone tena." Nilinde tena na Hashil yuleyule! Ruweida ameniletea ujumbe: nianue tu, basi. Maskini, hajaliona lile somo. Nimekaa nimefikiri sana wapi nilikosea. Mpango haukuwa na kasoro. Kosa ni mguu, maana mwenye mguu mbovu hawezi kukimbia mvua ikija.
Kesho naumia mkono.