Chiriku Wangu na Chura wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza: chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, atapewa yule ambaye kiumbe chake kitamliwaza yeye mama anapopumzika mchana. Wagombea wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Mimi nimenunua chiriku. Shemeji ameokota chura mtaroni, kamtia kwenye beseni la kufulia. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Chiriku ana manyoya, mabawa, adabu. Chura ana macho na mdomo. Nimeshapima dirisha kwa ajili ya pazia.

Jumanne, 4 Machi
Chiriku kimya. Nimempa mtama, nimembembeleza. Wapi. Chura hajafunga mdomo tangu asubuhi. Shemeji kaniuliza kwa upole kama ndege wangu amefiwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi kwa muuza ndege. Kamkagua, kasema huyu ni jike. Waimbaji hasa ni madume. Na vyura je? nikauliza. Vilevile, dume ndiye mwenye kelele. Nikamwambia hajakutana na mama mkwe wangu.
Si kitu. Mluzi ninao mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejificha nyuma ya pazia la sebuleni, nikapiga mluzi mwororo. Mama mkwe akatabasamu, macho kayafumba. Shemeji akanywea. Kisha vumbi la pazia likaniingia puani. Chafya mbili.
"Mkwe wangu," akasema mama, bila kufumbua macho, "mwambie chiriku wako avae viatu. Vidole vyake vinaonekana."

Ijumaa, 7 Machi
Hukumu. Chura kashinda. Mama mkwe anasema chura huyo anakoroma kama marehemu baba mkwe, na tangu msiba hajapata usingizi mzito kama wa jana. Alisema hivyo akitazama ukuta. Hata shemeji hakutamba. Nimemsaidia kuhamisha kitanda. Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Mengi, nikamjibu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa moja tu: kuchagua ndege mwimbaji. Leo nimeleta bata. Haimbi, lakini nasikia anakula vyura. Nikamwingiza kimyakimya chumba cha mbele.
Saa nzima sasa wako beseni moja, bega kwa bega, wanapokezana sauti. Mama mkwe amelala fofofo.
Naulizia nyoka. Nyoka, nadhani, hana tabia ya kuzoeana na vyura.