Pochi Hairudi Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili mama mdogo Gaudensia alinipa niandike pochi zilizouzika. Hakuna iliyouzika. Karatasi zipo nyingi, nimeona niandike mengine. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo atakayelisoma avumilie.

Leo mama mdogo kapiga simu toka Bunda. Anakuja Jumamosi. Akikuta pochi zake kumi na mbili bado zinaning'inia, meza anampa Nathan, muuza pochi wa meza ya pili, na mimi narudi Nyamuswa kuchunga. Nikasema ndiyo mama. Nyamuswa ng'ombe wote wananijua. Mimi nataka nijulikane na watu, na hapa Musoma nilikuwa nimeanza vizuri. Muuza chai tayari ananiita kwa jina, Makoye.

Shida ni mdomo. Nathan anaitaga wateja kwa majina ambayo siyo yao mpaka wanageuka. Mama Diana, umenisusa? Mteja anacheka, ananunua. Mimi mteja akinitazama, naangalia chini. Lakini macho ninayo. Mtu anayeongea muda wote haoni kitu.

Saa nne kapita Madam Matrida, mama wa ofisini, mwenyeji wa Butiama. Nathan kamfutia stuli kwa shati lake mwenyewe. Mlinzi wa benki kamfungulia mlango kabla hajafika. Ana nini huyu mama? Gauni la kawaida. Viatu vya kawaida. Nikatazama tena. Pochi. Imechakaa vibaya. Kona zimechubuka mpaka nyeupe, mkono umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kifungo cha dhahabu kimebaki chuma.

Nimefunga meza na hilo kichwani.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata Madam mpaka kwa mama ntilie. Kwa mbali. Wanawake wenye pochi mpya wanazipakataga kama mtoto mchanga, wengine wanatandika leso kwanza. Madam kaiweka yake chini. Kuku kapita juu yake. Madam hata hakugeuka, akaendelea na ugali.

Nyuma yangu wasichana wawili wananong'ona. Mmoja anasema ile ndiyo orijino yenyewe, ya ng'ambo, hapa Mara hazifiki mbili. Mwenzake anasema mbona imezeeka. Wa kwanza akamcheka. Feki inabanduka, shoga, orijino inazeeka na mtu wake. Mpya hata wewe unayo.

Basi nikaelewa mambo yote. Mwenye pochi mpya amepata jana. Mwenye pochi iliyochakaa alizaliwa nayo. Na za kwangu bado zina nailoni kwenye mikono. Nani ataheshimu nailoni?

Mchana nimechukua pochi moja, nikaenda nayo nyuma ya vyoo vya soko, nikaisugua kwa jiwe. Imemenyeka kama kiazi cha kuchemsha. Ndani kitambaa kama cha gunia. Ngozi ya ng'ombe naijua, ya mbuzi naijua. Hii ni ya mnyama ambaye hajawahi kuishi. Nimeifukia. Zimebaki kumi na moja.

Lakini nimejifunza. Jiwe halizeeshi pochi. Bega la mwanamke ndilo linalozeesha.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nusu ya soko wana majivu usoni, na mimi pia.

Nimebeba pochi zote kumi na moja mpaka Mwigobero, ufukweni, kwa akina mama wanaoanika dagaa. Hakuna mabega yanayofanya kazi kama yale. Jua, vumbi, moshi, beseni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofika yalikuwa yameisha.

Dorkas ndiye kaniona nimesimama. Dada mmoja mrefu, ananiuziaga dagaa, ananiongezeaga kiganja bila kuombwa. Akauliza nauza. Nikasema hapana. Nakopesha? Hapana. Natoa bure? Hapana, mnabeba tu mpaka Ijumaa, halafu mnanirudishia.

"Sasa kaka," akasema, "unaumwa?"

Nikasema siumwi. Akanitazama kidogo, akawageukia wenzake. Jamani njooni, kuna kijana wa Nyamuswa ameanza Kwaresma kwa kuazimisha pochi. Wamecheka mpaka dagaa wakasahaulika. Lakini wamezichukua. Bibi mmoja mwenye meno mawili kachagua ya pinki, akaivaa kwa mkanda kifuani kama kondakta.

Nimerudi mikono mitupu, mwepesi sana. Nathan kauliza mzigo uko wapi. Nikamjibu uko kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu nije mjini. Nimeshinda Mwigobero nikitazama. Pochi zinaning'inia kwenye mabega, zinapigwa na jua, zinasuguana na beseni. Moja imepanda mtumbwi kwenda vijiji vya ng'ambo. Ile ya pinki imekaliwa na bibi muda wote anapopumzika. Kona zimeanza kuwa nyeupe. Nimesogea nikahakikisha. Nyeupe kabisa.

Dorkas kaweka yake chini kwenye mchanga bila kuangalia. Kama Madam. Nimetaka kumwambia inampendeza. Nimemwambia jua ni kali.

Nathan anawaambia watu nimefilisika. Aongee tu.

Ijumaa, 7 Machi

Zimerudi. Sijui nianzie wapi.

Mama yangu hajawahi kurudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Akiazima ungo, unarudi na karanga. Akiazima chungu, kinarudi na viazi. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba nyumba yako imekufa. Hili nalijua tangu sijaota meno. Nimezijua pochi wiki tatu na sikufikiria hata mara moja kwamba pochi ni chombo.

Ya kwanza imerudi na dagaa. Ya pili dagaa. Ya tatu dagaa wabichi. Ya nne unga wa udaga, ule wa muhogo. Ya tano mayai, mawili yamepasuka njiani, mama yule akaomba radhi sana, akaenda kuleta mengine mawili. Ile iliyopanda mtumbwi imerudi na sato mzima, mkia uko nje. Ya bibi ilikuwa nzito, haifungi. Nimefungua. Kichwa cha kamongo, samaki wa matopeni, kinanitazama.

Ningekataaje? Ukikataa umemtukana mtu na wazazi wake. Nikashika kwa mikono miwili kila moja, nikasema asante mama, asante bibi, asante sana. Mara kumi. Kila mmoja kanibariki. Wiki tatu mjini sijapata baraka nyingi hivyo.

Ya Dorkas ndiyo haijaja. Kamtuma mwenzake aseme ataleta, leo hana kitu cha maana cha kuweka ndani, na tupu hawezi kuileta.

Nimeosha zote kwa sabuni na ndimu. Sasa zinanuka dagaa wa ndimu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika haya nikiwa nimekaa kwenye begi langu la nguo.

Asubuhi nimezipanga pochi kumi mezani. Kwa macho zilikuwa safi sana, yaani zimechakaa sawasawa. Paka wawili wakaja kukaa chini ya meza. Nzi pia. Nathan akahamisha meza yake hatua tatu, akajifunga leso puani, akaanza kuita wateja akiwa nayo.

Mama mdogo kafika saa tatu. Kasimama nyuma yangu, mkono kiunoni, anavuta pumzi fupi fupi.

Na hapo hapo kaja Madam Matrida. Alikuwa anaelekea stendi ya magari ya Butiama. Kasimama. Kwangu. Nilikuwa najua pochi zangu zitamtambua mwenzao.

"Mwanangu," akasema, "nimekupita siku nyingi nikitamani. Nataka pochi mpya. Zile zako za nailoni ziko wapi?"

Sikuelewa. Nikamwonyesha nilizonazo. Akaishika moja, akaigeuza, akatazama zile kona. Akatazama ya kwake. Akairudisha mezani polepole, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Kama hii ninayo," akasema.

Nikapata nguvu, sijui toka wapi, nikamuuliza ya kwake siyo orijino? Akasema ni orijino, dada yake alimletea toka ng'ambo, ndiyo maana haifi. Miaka kumi na mbili. Ameishona mara tatu. Kwenye vikao anaifichaga chini ya kiti, watu wanadhani ni dharau, kumbe ni aibu. Sasa mtoto wa mwisho kamaliza chuo, na yeye ajinunulie kitu kinachong'aa.

Kaenda kwa Nathan. Kachukua nyekundu, inawaka kama gari la zimamoto. Nathan alitaka kutoa nailoni. Madam akamwambia aiache.

Mama mdogo hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Kauliza taratibu kama yule kamongo ni wa leo au wa jana. Nikasema wa jana. Kamchukua, na udaga, na mayai. Meza kampa Nathan. Nathan kanipa mkono, akasema pole, mdogo wangu. Hata hakucheka. Hilo ndilo limeuma.

Jumapili, 9 Machi

Stendi. Dorkas kanikuta gari linataka kuondoka. Kaleta pochi. Ndani viazi vitamu vitatu, vya moto bado, vimefungwa kwenye karatasi. Akasema nisidhani alitaka kuiba. Nikasema sijadhani. Nilikuwa na mengine ya kusema. Gari likaondoka.

Kiazi cha mwisho nimekila njiani, Kiabakari. Hii pochi haina harufu ya dagaa. Ya kwake tu.

Jumanne, 11 Machi

Nyamuswa. Ng'ombe wamenitambua wote.

Nimefikiri sana malishoni. Kosa nimelipata. Kosa lilikuwa samaki. Nyamuswa hakuna ziwa.

Leo Mzee Masatu kapita nyumbani. Ana ng'ombe mia mbili na koti lililotoboka viwiko, kola imeisha kabisa. Watu wote wakainuka. Baba kamfutia kiti kwa mkono. Nimetazama lile koti mpaka akaondoka.

Kaka yangu Ngusa anaoa Jumamosi. Kanunua koti jipya, liko kwenye nailoni. Wakwe watamwona mtu wa jana. Kaka hajui mambo haya, hajaishi mjini. Mchana, wote wakiwa shambani, nimelitoa, nikampelekea Jilala mfyatua matofali alivae kazini mpaka Ijumaa. Jilala kauliza kama naumwa. Nikasema siumwi.

Sina wasiwasi. Koti siyo chombo, hakuna atakayeweka kitu humo. Nimelikagua mwenyewe kabla sijampa. Lina mifuko minne tu.