Mwisho wa Misumeno Mikuukuu

Idara ya Mitambo iliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba tatizo la vipuri vya misumeno mikuukuu ya mnyororo limekwisha. Wataalamu walikaa, wakachambua, wakanywa chai, wakabaini kiini chake: misumeno imezeeka. Basi uzee ukafutwa. Kuanzia siku hiyo kila msumeno ungebandikwa kibandiko cha kijani chenye neno MPYA, na mashine mpya, kama ajuavyo kila mwenye akili timamu, haihitaji vipuri.

Mama Maranda aliisikia habari hiyo redioni akiwa amepiga magoti mbele ya msumeno wake, kabureta iliyoharibika mkononi. Aliachiwa msumeno ule na marehemu mumewe, na kwa kupasua magogo ya watu ndiyo alikuwa akisomesha watoto. Sasa ulikuwa unawaka, unakohoa, unazimika. Maduka yote ya mjini alishayazunguka. Wenye maduka wengi walimcheka. Mmoja tu alikuwa na kabureta ya aina ile, na bei aliyoitaja ilimtoa Mama Maranda dukani bila kuaga.

"Twende tukaufanye mpya, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, mbeba magogo wake. "Huwezi jua."

Mkurugenzi wa Idara aliwabandikia kibandiko kwa mkono wake mwenyewe.

"Hongera, mama. Una mashine mpya."

"Haiwaki, mheshimiwa."

"Bado inazoea mazingira."

"Nisaidie kabureta tu, baba. Binti yangu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada."

Mkurugenzi alisikitika kwa dhati. "Mama, kuomba kipuri ni kuitukana sera. Na ukionekana unaifungua hiyo mashine, ni faini. Umeharibu kitu kipya."

Kesho yake Mama Maranda alianza kupasua magogo kwa msumeno wa mkono, mpaka viganja vikachubuka na wateja wakahamia kwingine.

Kisha ikanyesha mvua ya upepo, na mti mkubwa ukaangukia lango pekee la Idara, Mkurugenzi akiwa ndani. Siku hiyohiyo Waziri alikuwa ofisini kwake akimsubiri Mkurugenzi ili amvishe nishani ya kumaliza tatizo la vipuri. Wapasua mbao wote wakaitwa mbio. Walikuja na misumeno yao, vibandiko vikimeremeta, wakajipanga, wakavuta kamba. Lango zima likakohoa. Kisha kimya.

"Kateni!" alipiga kelele Mkurugenzi kutoka ndani.

"Tunavuta, mheshimiwa," alijibu Mama Maranda. "Yote mipya."

"Basi ifungueni muitengeneze! Faini nimefuta!"

"Tutengeneze kwa kitu gani, mheshimiwa? Vipuri hatuna."

Mkurugenzi akampigia Waziri, akaweka simu sauti ya juu ili watu wajionee anavyothaminiwa.

"Mti umeanguka?" Waziri alishangaa. "Siku ya nishani? Haiwezekani. Nautangaza umesimama. Pita chini yake, uje."

Simu ikakatwa. Agizo ni agizo. Mkurugenzi alivua koti, akalala kifudifudi kwenye tope, akajipenyeza chini ya shina. Kichwa kikapita, mabega yakapita. Tumbo likakataa.

"Nivuteni!"

Wakamvuta mikono. Akaguna, hakusogea hata inchi moja.

"Shemeji, tufanyeje?" aliuliza mbeba magogo.

"Hapo ni kukata tu," alisema Mama Maranda. Akachuchumaa karibu na uso wa Mkurugenzi, akasema kwa upole, "Kabureta ipo mjini, baba. Ila mwenye duka anataka pesa."

Mkurugenzi alijipapasa mfuko wa shati, akachomoa pochi iliyolowa tope. "Nunua! Bei yoyote!"

"Kimbia, shemeji," Mama Maranda alimwambia mbeba magogo, akimpa pochi. "Chukua na plagi, na mnyororo mwingine. Mheshimiwa amesema bei yoyote."

"Na klachi yangu!" alidakia mpasua mbao wa nyuma.

"Mimi pistoni!"

"Kamba ya kuwashia, mheshimiwa, usinisahau!"

Na pale chini ya mti uliosimama rasmi, Mkurugenzi aliidhinisha kipuri kimoja baada ya kingine.